Ukurasa Niliosema Nimeuelewa

Tarehe 3 Februari

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kuliko nguo za harusi ambazo mpaka leo sijamaliza kuzipiga pasi. Mama hajambo? Goti lake je? Mwambie kitinda mimba wake anakula, analala, na sketi ya bluu imeanza kumkataa kiunoni. Mimi sijambo, tena sijambo iliyopitiliza. Nikiamka najibana mkono nione kama ni mimi kweli.

Kaka, huyu mume! Wewe ulimwona siku moja tu, amevaa suti ya kuazima na kijasho kinamtoka, hukupata kumjua. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini ananivalisha mimi tai yake kwanza, anaifunga shingoni mwangu ili alione fundo vizuri, halafu anaivua taratibu na kuivaa mwenyewe. Anasema fundo likipita kwangu halilegei mchana kutwa. Mama mkwe akituona anageukia ukutani na kusema, "Haya, endeleeni, mimi sina macho." Yeye analala chumba cha mbele, sisi cha nyuma, na jiko ni la wote. Mama na mwanawe wanafanya kazi mahali pamoja, kituo cha kulea watoto wadogo, yeye mpishi na mume wangu karani. Wanaondoka pamoja, na mimi nabaki na nyumba yangu. Nyumba yangu! Nalipenda neno hili.

Nimempa mume wangu habari zako. Haamini kwamba wewe unaandika mwongozo wa lugha ya kompyuta unaosomwa na wanafunzi kila mahali, na kwamba hakuna ukurasa unaochapishwa mpaka mimi, ambaye kompyuta naifuta vumbi tu, niusome na kusema nimeuelewa. Nikamwambia ndivyo tulivyozoeana: nikielewa mimi, ataelewa yeyote. Sasa anasoma kila ukurasa unaoniletea kwa posta. Anataka kukitengenezea kituo programu ya kusajili watoto, waache kuandika kwenye makaratasi.

Ule ukurasa wa mwisho, wa "thamani ya akiba", yaani kile kitu ambacho kompyuta inachukua yenyewe kama wewe hukuipa kitu, nimeusoma wote na nimeuelewa wote. Ni mzuri sana, uchapishe. Naye ameuchukua.

Nakuacha, nasikia mlango. Ni yeye!

Dada yako mwenye furaha,
Kitinda


Tarehe 19 Februari

Kitinda mpendwa,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, Mama akasikiliza huku ameweka goti juu ya mto. Nilipofika kwenye tai alisema, "Huyo atachelewa kazini." Lakini alikuwa anatabasamu. Goti linaenda na hali ya hewa, siku za baridi analalamika, siku za joto anasahau kama ana magoti. Shangazi ameshona mapazia mapya bila kuombwa, na yote ni mafupi.

Mimi niko na kazi kama kawaida. Mkubwa wangu anataka sehemu ya kwanza ya mwongozo itoke kabla ya mwisho wa mwezi, na kila anaponipita mezani anagonga meza kwa kidole. Anasema mwongozo wetu una sifa moja, kwamba haumtishi mgeni. Kila ninapoweka onyo, anauliza, "Lazima?"

Kwa hiyo ule ukurasa wa thamani ya akiba umekwenda kuchapishwa. Hukunijibu swali nililoliweka mwisho wake, lile la nini hutokea ukiita amri ile ile mara mbili. Si neno. Bibi arusi ana mengi.

Msalimie karani na mama yake. Nafurahi kwamba programu yake ya kwanza itatoka kwenye kurasa zangu.

Kaka yako


Tarehe 28 Machi

Kaka,

Shikamoo, na Mama umshike miguu yote miwili, ule mzima na ule wa goti. Mwambie Shangazi mapazia mafupi ndiyo mtindo siku hizi, asione haya.

Programu inafanya kazi! Ungeona siku aliyoleta habari, alinibeba kutoka mlangoni mpaka jikoni akapiga kichwa changu kwenye kabati, na tukacheka mpaka Mama mkwe akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Mkuu wa kituo amempongeza mbele ya wafanyakazi wote. Mzazi akija na mtoto, mume wangu anaandika jina, na kama kuna vyakula ambavyo mtoto hatakiwi kula anaviandika. Kama mzazi hakutaja kitu, anaacha tu, na kompyuta inaweka orodha tupu yenyewe, kama ulivyofundisha kwenye ukurasa wako. Baadaye nesi wa kituo akigundua kwamba mtoto fulani chakula fulani kinamdhuru, anamwambia mume wangu, naye anakiongeza kwenye orodha ya mtoto huyo. Kila Jumatatu mashine inatoa karatasi ya jikoni, mama yake anaibandika ukutani na kupika kwa kuifuata. Mama na mwana, Kaka, na katikati yao kuna ukurasa wako! Nilitoa machozi.

Na sisi tunakula mayai. Mayai asubuhi, mayai jioni, mayai ndani ya mboga. Jikoni kwa Mama mkwe yanabaki, maana watoto wengi hawaruhusiwi kuyala, na mtunza stoo humwambia ayachukue yasije yakaharibika. Maziwa pia. Jana alikuwa anamenya viazi akaniambia, "Mkwe wangu, watoto wa siku hizi ni maajabu. Wale ambao wazazi wao walitaja kitu, mmoja samaki, mmoja maharage, hao wanakula kila kitu kilichobaki. Wale ambao wazazi wao hawakutaja kitu, ndio hawali mayai, hawali maziwa, hawali karanga. Wote! Kama waliambizana." Nikacheka. Mume wangu akasema, "Mama, kompyuta haikosei, wewe pika." Tukacheka tena.

Nimenenepa sana. Anasema hivi ndivyo anavyonipenda.

Kitinda wako


Tarehe 2 Mei

Kitinda,

Nisamehe kwa kukawia. Barua yako ilifika kwa wakati, sina sababu nzuri ya kukupa. Mama ni mzima. Shangazi ameyafumua mapazia na kuyaongeza vipande vya rangi nyingine, sasa sebule inaonekana kama gwaride. Mkubwa wangu amefurahi, mwongozo umepokelewa vizuri na kuna maneno ya kunipa sehemu ya pili niiongoze mwenyewe. Nitajua katikati ya mwaka.

Unakula mayai mengi. Kula na mboga za majani.

Mwambie mumeo, akipata nafasi, autazame tena ule ukurasa wa thamani ya akiba. Si lazima leo.

Kaka yako


Tarehe 20 Mei

Kaka,

Salamu kwenu. Huku tu wazima wa mwili.

Mama mkwe amesimamishwa kazi. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanarudi nyumbani na njaa. Mtoto mmoja alimwambia baba yake kwamba mayai ni ya wakubwa. Mkuu wa kituo akapekua stoo: mayai yananunuliwa trei kwa trei, watoto hawayaoni. Akamwita Mama mkwe ofisini, akamwuliza mayai yanakwenda wapi. Mama akasema, "Mengine nimechukua nyumbani." Akaulizwa kwa nini hakuwapa watoto. Akasema, "Nilikosea." Basi. Hakusema neno jingine. Mtunza stoo naye ameapa kwamba hajawahi kumwambia achukue hata ganda.

Mimi nilimwuliza, "Mama, si kulikuwa na karatasi ya jikoni?" Akanitazama sana. "Karatasi za jikoni huwa nawashia moto, mwanangu. Acha."

Sasa anakaa kwenye kiti karibu na dirisha la chumba cha mbele, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Ameacha kupika. Mimi ndiye ninayepika na yeye anasema ni kitamu, na si kitamu. Lakini linaloniumiza ni mume wangu. Hamtazami mama yake usoni. Anampa salamu akiwa ameangalia sakafu, anapita. Jana aliniambia, kwa sauti ndogo kabisa, "Mama yangu kanilea peke yake na hakuwahi kuchukua hata sindano ya mtu. Kumbe nilikuwa simjui." Nilipomkumbusha maneno ya Mama siku ya viazi, akasema kilikuwa kisingizio tu. Na mayai niliyala mimi, Kaka. Niliyala nikinenepa.

Uliandika kwamba autazame ukurasa. Sikumwambia. Siku ile barua ilipofika alikuwa amerudi na ua alilolichuma njiani, sikutaka kumpa kazi. Kwa nini ulitaka autazame?

Kitinda


Tarehe 27 Mei

Kitinda,

Mama ni mzima, wote ni wazima, niache niende kwenye jambo lenyewe.

Mama mkwe wako hakuiba. Alifuata karatasi, na karatasi ilidanganya.

Ngoja nieleze polepole, kwa sababu mara ya kwanza sikueleza vizuri. Kwenye ukurasa niliandika hivi: usipoipa amri orodha, itatumia orodha tupu. Yeyote akisoma hapo ataelewa kwamba kila anapokuja mtu mikono mitupu, kompyuta inamtengenezea orodha yake mpya, tupu, safi. Sivyo. Lugha hii inaitengeneza ile orodha tupu mara moja tu, siku inaposoma amri kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo kila anayekuja bila kitu anapewa orodha ile ile moja. Mumeo aliposajili watoto ambao wazazi wao hawakutaja chakula, wote walishikishwa orodha moja bila yeye kujua. Nesi aliposema mtoto mmoja mayai yanamdhuru, neno "mayai" likaandikwa humo, na watoto wote wa orodha ile wakaandikiwa. Likaja la maziwa. Likaja la karanga. Watoto waliokuja na vyakula vyao vya kutaja walikuwa na orodha zao wenyewe, ndiyo maana hao tu ndio waliokula.

Dawa yake ni ndogo. Kwenye nafasi ile asiweke orodha tupu, aandike "hakuna", halafu ndani ya amri aseme: ikiwa ni "hakuna", tengeneza orodha mpya. Ni mistari miwili. Halafu awasajili upya wale watoto, majina ya vyakula ayatoe kwa nesi.

Kosa si lake. Tabia hii inamchanganya kila mtu anapokutana nayo mara ya kwanza, na kazi ya mwongozo ni kumwambia mapema. Mpe barua hii aisome, aipeleke kwa mkuu wa kituo.

Kaka yako


Tarehe 30 Juni

Kaka mpenzi,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa salama kama inavyotuacha sisi. Goti la Mama je? Na yale mapazia? Huku hali ya hewa ni nzuri, asubuhi kuna ubaridi wa kupendeza. Mume wangu anaendelea vizuri na kazi. Mkuu wa kituo amemwambia kwamba yeye si kama mama yake, na huenda akamfanya karani mkuu. Tai bado ananifunga mimi kwanza. Ananipenda sana, Kaka. Wakati mwingine ananishika mkono tukila na anasahau kula.

Chakula cha watoto sasa kinaletwa na duka la vyakula la jirani, kila mtoto sahani moja, zote sawa.

Nimeisoma barua yako, mara hii kweli. Ni kama taulo la wageni kule bafuni kwetu. Mgeni anayekuja na taulo lake, hana shida. Anayekuja bila taulo anapewa lile lililotundikwa, na yeye anadhani limetundikwa kwa ajili yake, kumbe ni lile lile walilojifutia wote waliotangulia. Nimeelewa?

Nilitaka kukuuliza. Hakuna njia ya kuirekebisha hiyo programu kimyakimya? Kwa mfano wewe ukaandika ile mistari miwili, mimi nikamwambia kwamba kaka amefanya maboresho? Ili isije ikaonekana kwamba mtu fulani alikosea.

Mama mkwe hajambo. Yuko dirishani.

Kitinda


Tarehe 9 Julai

Kitinda,

Hukumpa barua.

Nimeanza kukuandikia mara kadhaa nikiwa na hasira na kila mara nimesimama, kwa sababu hasira hiyo inataka kunirudia mwenyewe. Sikiliza. Ulipoandika ile barua ya mayai, ya mama mkwe wako akimenya viazi, nilijua. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni na bahasha mkononi, nikajua. Wakati huo alikuwa bado yuko kazini, hakuna aliyemgusa. Ningepiga simu tu, hata kwa simu ya jirani yenu. Badala yake nilikaa kimya mwezi mzima, halafu nikakuandikia habari za mapazia, na mwisho kabisa, kama mtu anayedondosha kitu akijifanya hakukiona, "mwambie autazame ukurasa." Sehemu ya pili ya mwongozo nilikuwa nainyemelea, sikutaka mkubwa asikie kwamba ya kwanza ina tundu.

Tena kuna lingine. Onyo lilikuwepo kwenye rasimu yangu, nililiondoa. Na ulipokosa kujibu swali nilijua hukuusoma ukurasa ule. Mimi nakujua wewe, tangu ukiwa mdogo ukielewa jambo unabishana nalo. Wewe ulisema "ni mzuri sana". Nikaona, na nikafurahi, kwa sababu nilikuwa nimechelewa.

Nimemweleza mkubwa wangu yote. Hakupiga kelele, ambalo ni baya zaidi. Sehemu ya pili amempa mtu mwingine. Mimi naandika upya ukurasa wa thamani ya akiba, na safari hii onyo linakuja juu kabisa, kabla ya maelezo, na taulo lako liko ndani kama utaniruhusu.

Kuhusu swali lako: ndiyo, njia ya kimyakimya ipo. Mistari miwili naweza kuiandika nikiwa nakunywa chai. Lakini mistari hiyo haitamtoa mtu dirishani. Sitaiandika.

Mama ananiuliza kwa nini husemi habari za mama mkwe wako. Sijui nimwambie nini.

Kaka yako


Tarehe 2 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yangu na umwambie habari za mama mkwe wangu zimo humu, zote, umsomee wewe mwenyewe bila kuruka.

Barua yako ilifika, nikaiweka chini ya ile nyingine, ndani ya sanduku langu la harusi, chini ya shela. Nilijiambia nitampa Jumapili. Jumapili akaniambia nina shingo nzuri. Nilijiambia nitampa atakapokuwa amekula. Akala, akacheka, nikasema aah, kesho. Unajua ninavyompenda. Niliogopa kuiona sura yake akisoma kwamba ile programu waliyompongezea ndiyo iliyowalaza watoto na njaa na kumfukuzisha mama yake. Nikachagua. Nilimwacha mama wa watu pale kwenye kiti ili uso wa mwanawe ubaki unacheka. Nimeliandika hivi hivi ili nilione.

Wiki iliyopita akarudi mapema, shati nje, amepauka. Mtoto mmoja, yule hasa ambaye nesi alisema mayai yanamdhuru, alipewa sahani kama ya wenzake. Midomo ilivimba, jicho moja likafunga. Nesi alikuwepo, akamchoma sindano, mtoto akapona. Kesho yake alikuwa anakimbia uwanjani. Lakini mume wangu alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kusema, "Angekuwepo Mama jikoni isingetokea. Mwizi wangu angemtunza." Halafu akaingia kunawa.

Nikaenda chumba cha mbele. Sikuandaa maneno. Nilipiga magoti mbele ya kiti nikasema, "Mama, wewe hukuiba na mimi najua, nina barua tangu Mei." Nikamweleza orodha, nikamweleza taulo, nikamweleza sanduku. Nilitegemea anipige. Ningepata nafuu.

Alisema, "Inuka, sakafu ina baridi."

"Mama, hukunisikia?"

"Nimesikia. Tangu Mei na mimi nina yangu. Unadhani sikujua ni mashine ya mwanangu? Watoto wote wa kituo kizima wachukie mayai kwa pamoja? Mimi nimepikia watoto tangu huyo mumeo anatambaa. Mkuu aliponiuliza, karatasi ya wiki ile ilikuwa ndani ya aproni yangu, imekunjwa. Ningeitoa, angeitwa yeye. Nilirudi jikoni nikaitia motoni."

"Akakuita mwizi, Mama."

"Aniite. Nilisema atakua na hilo litampita." Akaitazama barabara na watu wake. "Lakini leo nimesikia habari ya yule mtoto. Kale kana tabia ya kuja kunishika sketi jikoni. Sasa wewe umenyamaza kwa mapenzi na mimi nimenyamaza kwa mapenzi, na aliyevimba midomo ni mtoto wa mwenzetu. Yeye mwenyewe mwenye mashine hajui hata kama imeharibika. Tumempenda hadi tumemfanya mjinga. Zilete hizo barua."

Nikazileta. Alipotoka kunawa, maji bado yanamdondoka kidevuni, mama yake akamwambia, "Kaa hapa. Mkeo ana kitu cha kukusomea." Hakumwacha asome mwenyewe. Mimi ndiye niliyesoma, Kaka, kwa sauti, ya Mei na ya Julai, na sauti yangu ilikuwa inakwama kwenye kila "hakuna".

Nilipofika kwenye ile orodha moja mume wangu akashika kichwa, kwa sababu yeye alielewa haraka kuliko mimi. Nilipomaliza alimtazama mama yake usoni. Kwa muda mrefu. Halafu akateleza kutoka kwenye kiti hadi chini, mtu mzima yule, akaweka paji la uso juu ya miguu yake, na mama yake akawa anamgongagonga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, anasema, "Basi, basi, unanilowanisha."

Kesho yake asubuhi hakunifunga tai. Alichukua barua yako ya Mei, akamchukua mama yake, wakaenda wote kwa mkuu wa kituo. Alieleza mwenyewe, akawaonyesha kwenye mashine, akasajili mtoto wa uongo na mwingine wa uongo, akaongeza chakula kwa mmoja, kikatokea kwa wote wawili. Mkuu wa kituo akamwuliza Mama mkwe kwa nini hakusema. Mama akamjibu, "Wewe huna mtoto?" Hapo yakaisha. Mtunza stoo alipoitwa akakumbuka ghafla kwamba ni yeye aliyesema mayai yachukuliwe.

Mama amerudi jikoni tangu Jumatatu. Wazazi wawili hawamsalimii bado. Mume wangu hatakuwa karani mkuu. Programu imezimwa, wamerudi kwenye makaratasi mpaka atakapoirekebisha na mtu mwingine kuipima. Anangoja ukurasa wako mpya. Utumie mapema, na taulo ni lako, liandike.

Kuhusu sisi. Tangu siku ile alikuwa ananishukuru kwa kila kitu, asante kwa chai, asante kwa maji, kama nimeajiriwa. Nilizoea kulia nikiwa nafua, mtu haoni. Jana jioni tulikuwa tunakunja nguo, yeye upande wake wa kitanda na mimi wangu, nikaona siwezi tena, nikamwambia hata lile lililobaki. Kwamba ule ukurasa, siku aliponiuliza kama unaeleweka nikasema ndiyo, sikuwa nimeusoma. Niliupitisha macho nikiwa namsikiliza akipiga mluzi bafuni. Wewe, Kaka, ulijua, na kwako naomba radhi. Yeye hakujua, kwa sababu nilipomsomea barua ya Julai mahali hapo nilipapita.

Akasimama na soksi mkononi. "Yaani uliniambia ni mzuri bila kuuangalia?"

"Ndiyo."

"Mangapi mengine umeniambia ni mazuri bila kuyaangalia?"

Ningeweza kusema hakuna. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limepambwa. Nikasema, "Lile shati la kijani. Halikupendezi, linakufanya uonekane mgonjwa."

Akalitazama shati. Lilikuwa kwenye rundo lake.

"Lingine?"

"Unapopika wali."

"Wali wangu?"

"Chini unaungua, juu mbichi."

Akakaa kitandani. Nilishaanza, nikaona bora limalizike. "Na lile shairi ulilonisomea siku ya pili ya ndoa."

Akageuka polepole. "Shairi pia?"

"Shairi pia. Lile la nyota. Refu mno, na ulinifananisha na meli."

Akalala chali, akajifunika lile shati la kijani usoni. Sikuona kitu. Niliona tu tumbo lake limeanza kutikisika, na nilishindwa kujua ni kilio au ni nini, nikabaki nimesimama na foronya mikononi, mpaka nikamsikia chini ya shati akisema, "Meli ya mizigo, kwa jinsi ulivyonenepa," na sauti ilikuwa ya mtu anayecheka na hataki.

Sijui kama amenisamehe. Hakusema. Tulimaliza kukunja nguo.

Dada yako,
Kitinda